Zamu ya Dakika Mbili: Muuguzi na Moyo Uliosimama

Chini ya kitanda cha wodi ya wagonjwa mahututi, karibu na magurudumu, mara nyingi kuna kigoda. Mgeni hakioni. Macho yake yanavutwa na monita, mashine ya kupumulia na mirija inayoning'inia. Muuguzi anajua kilipo hata umeme ukikatika. Moyo wa mgonjwa ukisimama, anakivuta kwa mguu na kupanda juu yake, mabega yakae juu ya kidari cha mgonjwa, viwiko vinyooke, na uzito wa mwili wote ushukie viganja viwili vilivyopandana. Asiyefikia hapo hupanda kitandani kwenyewe na kupiga magoti. Adabu ya kitanda cha mgonjwa, aliyofundishwa tangu siku ya kwanza chuoni, huwekwa kando kwa muda huo.

Mada hii inaizungumzia kazi hiyo ya kufufua moyo na mapafu, ambayo wahudumu wengi huiita kwa herufi tatu tu, CPR, kama anavyoiishi muuguzi wa wodi ya mahututi. Wasikilizaji wake ni wahudumu wa afya wa Gitambi, kwenye vilima vya wilaya ya Rusizi juu ya bonde la Bugarama, na wana haki ya kuuliza: wodi ya mahututi iko mbali, sisi inatuhusu nini? Hapa mgonjwa huteremshwa kilima kwa ingobyi, machela ya kienyeji, mabegani mwa majirani, hufika kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, Mibilizi au Gihundwe. Akizidiwa, imbangukiragutabara, gari la wagonjwa, humkatisha msitu wa Nyungwe kwa saa kadhaa za kona mpaka hospitali ya chuo kikuu ya Huye, CHUB. Katika njia yote hiyo moyo unaweza kusimama popote.

Inawahusu kwa sababu muuguzi wa wodi ya mahututi ndiye aliyesimama mara nyingi kuliko wengine mbele ya moyo usiopiga, na ameona jambo ambalo mafunzo yetu hayajalikubali vya kutosha. Chuo humfundisha zile dakika zenyewe. Saa zinazotangulia, na miezi inayofuata, zimeachiwa bahati.

Dakika zenyewe

Kanuni zinajulikana, ila zikumbukwe pamoja na jasho lake. Mtu mzima husukumwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kila msukumo uachie kifua kipande tena kabla ya kingine kushuka. Sentimita 5 ni kina kinachomtisha mtu ambaye hajawahi kusukuma. Mbavu za mzee huvunjika, na muuguzi huzihisi viganjani kabla ya kuzisikia masikioni. Hapo ndipo wengi husita mara ya kwanza. Mkono unataka kumhurumia mgonjwa, na huruma hiyo inapunguza damu inayofika kwenye ubongo. Hata misukumo mizuri kabisa hupeleka kiasi cha robo hadi theluthi tu ya damu ambayo moyo mzima ungeisukuma. Ukisimama kidogo kutazama monita au kumpisha mtu, hata hiyo robo inapotea, na misukumo kadhaa hupita kabla haijarudi.

Ndiyo maana kuna zamu ya dakika mbili. Mikono huanza kuchoka kabla mwenye mikono hajajua kuwa amechoka. Kina hupungua yeye akidhani bado anasukuma vilevile. Kwa hiyo mwenye saa husema "badilisha!" na wa pili huingia papo hapo, bila mjadala na bila mtu kuona haya. Anayetoka hapumziki. Anashika mfuko wa kupulizia hewa, au anavuta adrenalini, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5, au anaandika muda wa kila kitu. Mgonjwa mwenye mrija wa kupumulia hupewa pumzi moja kila sekunde 6 huku misukumo ikiendelea. Asiye na mrija hupewa pumzi 2 kila baada ya misukumo 30.

Katika wodi ya mahututi kuna kazi nyingine inayokwenda pamoja na hizo, na haionekani: kuuliza kwa nini. Nje ya hospitali sababu hubahatishwa. Hapa mara nyingi iko umbali wa mkono. Mrija umechomoka au umezibwa na makohozi. Dripu ya dawa ya kupandisha presha imekwisha. Potasiamu imepanda kwa mgonjwa wa figo. Hewa imenaswa kifuani upande mmoja na kuusukuma moyo. Mama aliyejifungua jana anavuja damu ndani, na shuka bado nyeupe. Daktari ndiye huongoza akifika, lakini anayejua kwamba kitanda hiki kiligeuzwa robo saa iliyopita ni muuguzi. Sentensi yake moja, ikisemwa kwa sauti na ikasikilizwa, huweza kuzidi dawa zote za toroli ya dharura.

Monita nayo ina mtego wake. Mstari ukinyooka, muuguzi mzoefu kwanza humtazama mgonjwa, kisha anashika mshipa wa shingo au wa kinena, kwa kuwa waya uliobanduka kifuani huchora mstari uleule wa kifo. Na mstari ulionyooka kweli haushtuliwi kwa umeme. Mashine ya kushtua hufaa pale moyo unapotetemeka bila mpangilio, kwani hapo kuna kitu cha kupangwa upya. Kwa moyo uliotulia kabisa zilizobaki ni mikono, adrenalini na kutafuta sababu.

Kwamba mara nyingi moyo haurudi, watu wa nyumbani hawalijui, na hawana kosa. Mwaka 1996 jarida la tiba la New England lilichapisha hesabu ya ufufuaji unaoonyeshwa katika vipindi vya televisheni vya Marekani: kiasi cha 75 katika kila wagonjwa 100 walizinduka palepale. Katika hospitali halisi za Marekani, zenye kila kifaa, anayerudi nyumbani akiwa hai baada ya moyo kusimama ndani ya hospitali ni kama mmoja katika kila wanne. Muuguzi wa wodi ya mahututi anaijua hesabu hiyo kwa majina na sura. Anapanda kigodani akijua kuwa pengine hatashinda, na anasukuma kama atakayeshinda. Kuishi na mambo hayo mawili kwa pamoja ni ujuzi, ingawa hakuna cheti kinachoutaja.

Wodi iliyoanzishwa na mikono

Historia ya wodi hii inafaa kukumbukwa, kwa sababu haikuanza na mashine. Agosti 1952, jiji la Copenhagen nchini Denmark lilijaa wagonjwa wa polio walioshindwa kupumua, wengi wao watoto, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliagiza binti wa miaka 12 atobolewe koo na kuingizwa mrija, akampulizia hewa kwa mfuko wa mkono. Binti akanusurika. Baada ya hapo waliitwa wanafunzi wa udaktari, na wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana kwa miezi, kila mmoja kando ya kitanda, akiminya mfuko. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen alifungua wodi ya kudumu kwa wagonjwa wa namna hiyo, na madaktari wengi huiita wodi ya kwanza ya mahututi duniani.

Kukandamiza kifua kama tunavyokujua leo kulitangazwa mwaka 1960 na William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kati ya wagonjwa wao 20 wa kwanza, 14 walipona. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kazi hii haihitaji kumpasua mtu kifua. Mikono miwili inatosha, na yeyote anaweza kuianza mahali popote. Mwaka huohuo huko Norway, Asmund Laerdal, mtengenezaji wa wanasesere wa watoto, alianza kuuza mwanasesere wa mafunzo anayetumika mpaka leo.

Kigali, 2024

Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 15 walikuwa wamefariki. Takriban wagonjwa wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, na wengi wao walitoka katika wodi za mahututi za hospitali mbili kubwa za rufaa jijini Kigali.

Anayejua kazi ya wodi hizo haulizi kwa nini. Virusi hivi hukaa katika damu, matapishi na majimaji yote ya mwili. Mgonjwa mahututi huvutwa makohozi, huchomwa mishipa mikubwa, hugeuzwa, husafishwa, huingizwa mrija. Moyo wake ukisimama, watu watano au sita humzunguka kwa dakika 20, nyuso zikiwa karibu na uso wake, mikono ikiwa juu ya mwili wake. Hakuna saa ambayo mwili wa muuguzi unakaribiana zaidi na mwili wa mgonjwa.

Kitu kingine kilitokea Kigali mwaka huo, na Waafrika wengi hawakukisikia vya kutosha. Wagonjwa wawili wa Marburg waliofikia hatua ya kuwekewa mrija na mashine ya kupumulia walipata nafuu, wakatolewa mrija wakiwa hai. Oktoba 2024, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema shirika lake linaamini hiyo ni mara ya kwanza kwa Afrika. Katika milipuko ya nyuma ya Marburg karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wakifa, na katika baadhi yake zaidi ya hapo. Safari hii hawakufika robo. Dawa za majaribio zilisaidia, na kugundua mapema kulisaidia; lakini mgonjwa wa mashine hatoki kwenye mashine bila wauguzi waliokaa naye saa baada ya saa ndani ya mavazi ya plastiki, wakiwahudumia watu ambao baadhi yao walikuwa wenzao wa kazi.

Hapa pana jambo gumu kuliko yote katika mada hii, na lisemwe waziwazi. Muuguzi huona mstari wa monita umenyooka, mguu wake tayari uko mbele. Kanuni ya mlipuko inamwambia: simama, vaa kwanza. Gauni, glovu, barakoa, kinga ya macho. Kuvaa vizuri huchukua muda, na kila sekunde inauma. Rusizi inaifahamu habari hii kwa namna yake. Juni 2020, mji wake wa mpakani ulipofungwa kwa sababu ya Korona, wahudumu katika nchi nyingi walikuwa wameshaelekezwa kwamba asiyevaa kinga hamgusi aliyesimama moyo.

Uganda ilikuwa imelipia somo hilo kwa gharama kubwa miaka 20 kabla. Katika mlipuko wa Ebola wa Gulu mwaka 2000, Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya St. Mary's Lacor ndiye aliyeutambua ugonjwa mapema na kuwafundisha wauguzi wake jinsi ya kujikinga. Usiku mmoja wa Novemba aliitwa: muuguzi wao mmoja, mgonjwa, alikuwa ameinuka kitandani akivuja damu na kukohoa. Lukwiya alivaa haraka gauni, barakoa na glovu. Hakuvaa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Lacor ilizika wahudumu zaidi ya 10 katika mlipuko ule. Mtu huyu aliijua kanuni kuliko wote. Ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Hivyo kumlaumu muuguzi aliyekimbilia kitanda bila kinga, kana kwamba hajui, ni kukosa kuielewa kazi yenyewe. Kinachomsaidia ni mavazi yaliyotundikwa mlangoni, kwa mpangilio wa kuvaliwa, na mwenzake wa kumwambia "macho!" kabla hajavuka.

Umurwaza aliye nje ya pazia

Hospitali za Rwanda zina mtu asiyekuwamo katika vitabu vingi vya uuguzi vinavyotoka ng'ambo: umurwaza, ndugu anayekaa na mgonjwa, anayefua, anayepika, anayelala chini ya kitanda ikibidi. Moyo ukisimama, jambo la kwanza kufanyika ni kumtoa nje. Pazia linavutwa. Anabaki kusikia mahesabu, viatu vinavyokimbia, na mara nyingine ule mlio wa mbavu.

Je, ni sawa? Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya ndugu 570 wa wagonjwa waliosimama moyo nyumbani. Walioalikwa rasmi kutazama ufufuaji walikuwa na dalili chache za mshtuko wa muda mrefu kuliko wale ambao hawakualikwa, na matokeo ya tiba hayakuharibika. Nyumba ya Ufaransa si wodi ya Huye, na katika wodi ya vitanda vilivyobanana kuna wagonjwa wengine wa kufikiriwa. Hata hivyo aliyetazama ameona kwamba watu walipigana. Aliyefungiwa nje ataunda picha yake mwenyewe, na mara nyingi picha hiyo ni mbaya zaidi. Kama nafasi haipo, angalau muuguzi mmoja atoke mara moja, aseme yanayoendelea, arudi. "Mama, moyo wa mzee umesimama. Tunamkanda kifua sasa hivi na mashine inampulizia hewa. Nitarudi kukuambia." Sentensi tatu. Akirudi, mama yule hatakuwa anaanza kusikia habari.

Na lugha ni kazi pia. Rusizi ina Kinyarwanda cha vilimani, Amashi ya kisiwa cha Nkombo, na Kiswahili cha wanaovuka kutoka Bukavu na kutoka Burundi. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi. Daktari kijana anaweza kuijua habari yote kwa Kiingereza na akashindwa kumwambia bibi. Anayeitwa kutafsiri ni muuguzi, na ndiye anayechagua neno. Kwa Kinyarwanda husemwa yitabye Imana, ameitikia wito wa Mungu, na kila mtu anaelewa bila kubaki na shaka. Kwa Kiswahili muuguzi asijifiche nyuma ya "hali si nzuri" wakati mtu ameshafariki. Aseme amefariki, kisha poleni, kisha akae nao kimya kidogo kabla ya kuuliza chochote kuhusu mwili.

Saa zinazotangulia

Watu wengi huamini kwamba moyo husimama ghafla. Hospitalini mara nyingi sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kutoka Miami ulifuatilia nyuma wagonjwa 64 waliosimama moyo wodini: 84 katika kila 100 walikuwa wameonyesha dalili za kuzidiwa ndani ya saa 8 zilizotangulia. Kupumua kuliharakisha, akili ikachanganyika. Mara nyingine dalili ziliandikwa na hakuna aliyezifuatilia.

Utafiti mkubwa wa hospitali za nchi 22 za Afrika, uliotoka mwaka 2025, umelileta jambo hili nyumbani. Kwa makadirio yake, mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa ni mahututi, na kiasi cha theluthi mbili ya mahututi hao wamelala katika wodi za kawaida. Yaani mgonjwa wa wodi ya mahututi yuko tayari Gihundwe na Mibilizi, na saa nyingine yuko kwenye benchi la kituo cha afya. Kinachokosekana hapo kwanza ni oksijeni na jicho linalorudi kumtazama.

Jicho hilo lina namba moja linayoidharau kuliko zote: idadi ya pumzi kwa dakika. Presha hupimwa na mashine, joto hupimwa na kipima joto, lakini pumzi zinataka mtu asimame na saa, atazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Katika zamu yenye wagonjwa wengi dakika nzima ni anasa, kwa hiyo chati hujazwa 20, 20, 20 kwa kila kitanda. Ukiona wodi ambayo wagonjwa wote wanapumua mara 20, jua hakuna aliyehesabu. Muuguzi wa wodi ya mahututi anayepokea rufaa kutoka wilayani huitazama safu hiyo kwanza, na mara nyingi anaona hapo namna mgonjwa alivyoanza kuondoka tangu jana jioni.

Mbali na monita

Gitambi ina mioyo inayosimama bila chati yoyote. Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alifunga bao, na muda mfupi baadaye akaanguka na kufariki. Alikuwa kijana wa miaka 19. Juni 2021, katika jiji lilelile la Copenhagen lililoanzisha wodi ya mahututi, Christian Eriksen wa Denmark alianguka wakati wa mechi ya Ulaya. Alianza kukandamizwa kifua palepale nyasini na kushtuliwa kwa mashine iliyokuwa uwanjani. Yuko hai, na alirudi kucheza. Si kila moyo unaosimama uwanjani unaweza kurudishwa. Lakini ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6, na hakuna gari la wagonjwa, wala la hapa wala la Ulaya, linaloweza kutegemewa kufika kilimani ndani ya muda huo. Namba 912 ya SAMU, huduma ya dharura, ipigwe, kwa sauti ya nje, simu ikiwa chini, huku mikono ikiwa tayari kifuani.

Kisha kuna radi. Machi 2018 radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani wilayani Nyaruguru, ng'ambo ya Nyungwe, na mvua za huku hazitofautiani sana na za kule. Aliyepigwa radi hashiki umeme. Mguse bila hofu. Na kanuni ya kawaida ya ajali yenye majeruhi wengi hapa hugeuzwa kichwa chini: kama watu watano wamelala, anza na yule asiyepumua. Radi husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Moyo mara nyingi hujirudisha wenyewe, ila pumzi huchelewa, na mtu hufa kwa kukosa hewa ilhali moyo wake ulikuwa umesharudi. Wanaolia na kugugumia wana uwezekano mkubwa wa kuishi. Yule aliye kimya ndiye mwenye dakika chache, na pumzi zako huweza kumtosha.

Mtoto mchanga asiyelia naye ni habari ya hewa. Tanzania ilijaribu mpango wa kuwafundisha wakunga kuwapulizia watoto hewa ndani ya dakika ya kwanza, katika hospitali nane. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Lakini Haydom, hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara, iligundua jambo ambalo kila mwandaaji wa semina anapaswa kulisikia, hata kama linamkata maini: kozi ya siku moja iliwapa wakunga alama nzuri za mtihani, na chumbani mwa kujifungulia hawakubadilika. Mabadiliko yalikuja pale mwanasesere alipowekwa wodini na mazoezi yakawa mafupi, ya dakika chache, tena na tena, kazini kwenyewe. Ujuzi wa kufufua huanza kufifia ndani ya miezi mitatu hadi sita. Cheti kilichotundikwa ukutani hakijui hilo.

Baada ya mikono kuoshwa

Daktari amesema tusimame. Muda unatajwa, unaandikwa. Mashine ya kupumulia inazimwa, na ukimya wake unasikika kuliko mlio wake. Muuguzi anashuka kigodani. Anatoa mirija inayoruhusiwa kutolewa, anaosha mwili, anafunga macho, ananyoosha shuka. Kisha anajaza toroli upya: adrenalini zilizotumika, glovu, betri ya taa ya kuingizia mrija. Kitanda cha pili kinalia. Anakwenda.

Wauguzi wakiulizwa kwa utulivu, mara nyingi hawataji idadi. Wanataja mmoja. Mama aliyekuwa na umri wao. Mtoto aliyevaa soksi zilizofanana na za mtoto wao. Mgonjwa aliyekuwa amesema asubuhi, "Dada, leo nakufa," wakamtania ili kumtia moyo. Hilo hubaki. Wengine hulihisi mikononi kila wanapokanda unga.

Rwanda si nchi inayohitaji kufundishwa kuwa kumbukumbu huweza kumwangusha mtu. Neno ihahamuka, kiwewe kinachorudi na kumbukumbu, liko katika kila nyumba. Kila Aprili wauguzi hupelekwa kwenye viwanja vya kumbukumbu kuwapokea wanaozidiwa na yaliyowapata katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wanajua jinsi ya kumkalisha mtu, kumpa maji, kumsikiliza bila kumkatisha. Nchi imejenga ujuzi huu kwa uchungu mwingi. Ni haki ujuzi huohuo uvuke ukumbi na kuingia chumba cha chai cha wauguzi, kwa ajili yao wenyewe.

Kwa hilo si lazima kuwe na bajeti. Dakika kumi kabla ya kupokezana zamu, wote walioshiriki wakae, na mfanya usafi aliyeleta oksijeni awemo. Kwanza kiulizwe kilichokwenda vizuri, kwa kuwa mara zote kipo na mara zote husahaulika. Kisha kiulizwe kilichokosekana: dawa, kifaa, sauti ya mtu aliyeona jambo akanyamaza kwa kuogopa mkubwa. Mwishoni kila mmoja aulizwe kama anaweza kurudi kazini sasa hivi, na anayesema hapana aruhusiwe kusema hapana. Kumtafuta mwenye kosa kusifanyike siku hiyo. Wodi hizi zimekubali zamani kwamba hakuna binadamu anayeweza kusukuma kifua vizuri kwa zaidi ya dakika mbili, na hakuna anayecheka mtu akisema "badilisha". Uzito wa baadaye ni mkubwa kuliko ule, na muuguzi mmoja huachiwa aubebe peke yake kwa miaka.

Kwa Gitambi, mada hii inapendekeza mambo machache yanayowezekana. Kituo kiweke siku moja kila mwezi ya mazoezi ya dakika kumi, wodini, bila ukumbi wala posho. Pasipo mwanasesere, mto mgumu uliofungwa kwenye ubao unatosha kuzoesha mikono mwendo na kina. Wajumbe wa afya wa vijiji, abajyanama b'ubuzima, wafundishwe kukandamiza kifua na kupiga 912, na habari ya radi waipeleke kanisani na shuleni kabla ya mvua za Machi. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima kwa kila mgonjwa anayesubiri rufaa, na namba hiyo iandikwe juu kabisa ya karatasi yake. Dakika kumi za kukaa pamoja ziandikwe katika ratiba ya zamu kama kazi nyingine yoyote.

Baada ya chakula cha mchana mto na ubao vitakuwa sakafuni. Washiriki watapiga magoti wawili wawili, mmoja akisukuma, mwenzake akihesabu kwa sauti na kutazama saa. Zikifika dakika mbili, atakayehesabu ndiye atakayesema "badilisha", na watapokezana hivyo mara tano.